Kulanti Iliyochafuka Kwenye Gari la Mtumba: Jinsi ya Kujua Kilichoingia na Kilikopitia Kabla ya Kufungua Injini

Gari likishafikisha miaka kumi na tano au ishirini, maji ya kwenye rejeta yake yamepita mikono mingi. Lilitoka Japani na kulanti (kimiminika cha kupozea injini) nyekundu au ya waridi. Likashushwa Dar es Salaam au Mombasa, mwenye gari wa kwanza akaongezea maji ya bomba, wa pili maji ya kisima, fundi mmoja akamimina ya kijani, mwingine akatia dawa ya kuziba tundu. Wewe unayelinunua leo unafungua kifuniko na kukuta kitu cha kahawia kisichoeleweka. Hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Mtu anaambiwa "hedi gasketi imekufa", yaani pakingi iliyo kati ya hedi (sehemu ya juu ya injini) na bloku, injini inafunguliwa, gasketi inabadilishwa, na baada ya muda mfupi uchafu uleule unarudi kwa sababu chanzo kilikuwa kwingine.

Nina ombi moja: usikubali hedi ifunguliwe kabla hujajua ni nini hasa kimeingia kwenye kulanti. Inaweza kuwa oili ya injini, oili ya gia boksi, gesi ya moto wa silinda, kutu, au kulanti mbili zisizopatana. Kila kimoja kina njia yake ya kuingilia, na nyingi ya njia hizo hazipiti kwenye gasketi ya hedi hata kidogo.

Kuna wanaosema kwetu hakuna barafu, kwa hiyo maji matupu yanatosha. Kuzuia barafu ni sehemu ndogo tu ya kazi ya kulanti. Ina dawa za kuzuia kutu na kulinda alumini ya hedi, rejeta na wota pampu (pampu inayozungusha kulanti), na inapandisha kiwango cha kuchemka. Maji matupu huchemka nyuzi 100 yakiwa usawa wa bahari, lakini kila ukipanda mita 300 hivi kiwango hicho hushuka kwa karibu nyuzi moja, kwa hiyo Nairobi au Mbeya yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kifuniko cha rejeta kinasaidia kwa kuweka presha, ila kifuniko kilicholegea hakisaidii kitu. Ndiyo maana gari linalotembea vizuri kati ya Mwenge na Kariakoo mwaka mzima linachemsha siku ya kwanza linapopanda mlima Kitonga.

Tahadhari mbili kabla ya kuanza

Injini iwe imepoa kabisa, ikiwezekana imelala usiku kucha. Ukifungua kifuniko injini ikiwa ya moto, presha inatoka ghafla, maji yanageuka mvuke na kukurukia usoni na mikononi. Watu wameungua vibaya kwa kosa hili, na kitambaa kilichokunjwa juu ya kifuniko si kinga ya kutosha.

La pili, kulanti nyingi zina glaikoli, ambayo ni sumu ya figo na ina ladha tamu. Mtoto au mbwa ataionja na kuendelea kunywa. Kila unachokinga kiingie kwenye chombo chenye kifuniko, si kwenye sufuria iliyoachwa wazi uani.

Hatua ya kwanza: tazama kabla ya kugusa

Chukua tochi na kitambaa cheupe. Anza na kitenki cha akiba: kina kiasi gani, na kuta zake zina rangi gani? Kitenki cheusi ndani au chenye utando wa mafuta juu ya mstari wa maji kinakuambia kwamba mafuta yaliwahi kufika hapo, hata kama leo kuna kulanti mpya safi. Kitenki kipya kinachong'aa kwenye gari chakavu nacho ni swali la kumwuliza muuzaji.

Fungua kifuniko cha rejeta, kigeuze, pitisha kitambaa kwenye mpira wake na kwenye shingo ya rejeta. Kutu inaacha doa la rangi ya udongo. Oili inaacha doa linaloteleza ambalo halitoki kwa maji. Masizi meusi makavu, hasa kwenye dizeli, yanaashiria gesi ya silinda. Nusa pia: harufu ya eksozi ndani ya rejeta si ya kawaida kamwe. Kisha fuata mabomba yote kwa macho, uone madoa meupe, mekundu au ya kijani yaliyokaukia kwenye viungo, chini ya wota pampu, na nyuma ya injini upande wa kabini, mahali ambapo wengi hawatazami.

Bonyeza mabomba kwa vidole. Bomba la mpira lililolainika na kuvimba, hasa karibu na klipu, limekunywa mafuta kwa muda mrefu. Hilo ni ushahidi ambao muuzaji hawezi kuufuta kwa kumwaga maji na kujaza mapya.

Hatua ya pili: chukua sampuli, uiache ilale

Hatua hii haigharimu kitu, na ndiyo inayorukwa zaidi. Tafuta chupa mbili za maji ya kunywa za nusu lita, zilizo wazi na safi. Moja ijaze kwa kunyonya kwa bomba dogo kutoka juu ya rejeta. Ya pili ijaze kwa kulegeza kizibo cha chini ya rejeta, maana mafuta huelea na kutu huzama, na ukichukua sehemu moja tu utaona nusu ya habari. Usitegemee kitenki cha akiba peke yake. Kwenye magari mengi ya zamani kitenki hicho hupokea kinachofurika tu, kwa hiyo kinaweza kuonekana kisafi huku rejeta imejaa tope.

Andika "juu" na "chini" kwenye chupa, zifunge, ziweke wima mahali pasipotikisika hadi asubuhi. Kisha zishike dhidi ya mwanga.

Kama unaona kidole chako vizuri upande wa pili na rangi ni moja toka juu hadi chini, huna uchafu mkubwa. Hata hivyo jiulize kama hiyo ni kulanti kweli, kwa sababu kuna chupa zinazouzwa zenye maji ya rangi tu. Sugua matone kati ya vidole: glaikoli inateleza na kuchelewa kukauka, maji ya rangi yanakauka upesi. Uhakika unaupata kwa kipimo cha glaikoli, kile kidogo cha kunyonya chenye mshale au vipira. Gereji nyingi za kiyoyozi na rejeta huwa nacho. Osha mikono baadaye.

Maji ya rangi ya udongo yenye unga uliotulia chini ni kutu, yaani mfumo umeishi kwa maji matupu. Visima vya pwani vyenye chumvi huleta hali hii haraka zaidi, kwa kuwa chumvi inakula alumini. Hapa hakuna mafuta, hakuna gesi, na hedi haihusiki. Kinachohitajika ni kusafisha, kukagua wota pampu na thamostati (mlango unaoruhusu kulanti kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto), na kujua kama mirija ya rejeta imeziba.

Tope zito la kahawia linalovutika kama ute, lisilo na mafuta yanayoelea, mara nyingi linatokana na kulanti za aina tofauti zilizochanganywa. Za kijani za mtindo wa zamani na zile za muda mrefu hutumia dawa za kutu zenye kemia tofauti. Zikikutana, dawa hupungua nguvu, na baadhi yake huganda. Rangi pekee isikuamulie, maana kila kiwanda hupaka rangi inayotaka. Soma maandishi ya kwenye chupa. Toyota, kwa mfano, ina ile nyekundu ya zamani na ile ya waridi ya muda mrefu, ambayo huja ikiwa imeshachanganywa na maji nusu kwa nusu na haitakiwi kuongezwa maji.

Chembe za shaba zinazometa, nyuzinyuzi au vipande vya kahawia vinavyofanana na majani ni dawa ya kuziba tundu. Wengine huweka hata ute wa yai au pilipili manga. Ukikuta hivyo ujue kuna tundu lililofichwa, na hicho kilichoziba tundu kimeziba pia mirija ya rejeta na hita.

Tabaka la mafuta meusi au ya kahawia juu, au mchanganyiko mzito wenye rangi ya chai ya maziwa, ni oili ya injini. Waridi iliyofifia, nzito, isiyopitisha mwanga, ni oili ya gia boksi ya otomatiki. Tofauti yake na kulanti ya waridi ni uwazi huo: kulanti nzima unaona ng'ambo, iliyoingiwa na oili huoni. Ukiona rangi hiyo, gari lisiwashwe tena. Nitaeleza sababu.

Hatua ya tatu: kagua na oili zenyewe

Kinachoingia huku mara nyingi kinatoka kule pia. Chomoa dipstiki (kijiti cha kupimia oili) ya injini, kisha ya gia boksi kama ipo, na ufungue kifuniko cha kumiminia oili.

Usihukumu kwa utando mweupe chini ya kifuniko peke yake. Gari linalofanya safari fupifupi, hasa kwenye baridi ya Njombe au Lushoto, hukusanya unyevu pale juu bila ubovu wowote. Oili ya kwenye dipstiki ndiyo inayosema kweli. Kama nayo imegeuka maziwa, au kiwango kimepanda bila mtu kuongeza, kuna maji ndani.

Ukiwa na shaka, tumia jaribio la tone. Pasha kijiko cha chuma au kibati kidogo juu ya jiko hadi tone la maji likiruka papo hapo, kisha kiondoe motoni na udondoshee tone moja la oili. Oili safi inatanda kimya na kutoa moshi kidogo. Yenye maji inatatarika na kuruka. Vaa miwani, fanya nje, mbali na petroli.

Sasa unganisha. Injini ikiwa inafanya kazi, presha ya oili huwa kati ya ba (kipimo cha presha) 2 na 5 hivi, huku ya kulanti ikiwa karibu na ba 1. Kwa hiyo palipo na tundu kati ya oili na maji, oili ndiyo inayosukumwa kuingia kwenye maji. Ukizima injini, presha ya oili inakwisha mara moja lakini ya kulanti inabaki kwa muda, na maji nayo yanaweza kurudi upande wa oili. Ukikuta oili nyingi kwenye kulanti lakini dipstiki ni safi, gari halitoi moshi mweupe, na halichemshi, mshukiwa wa kwanza ni kipoza oili cha injini, kile kinachokaa karibu na filta ya oili kwenye dizeli nyingi na petroli kadhaa. Kukibadilisha au kubadilisha mipira yake ni kazi ndogo sana ukilinganisha na kushusha hedi.

Oili ya gia boksi ina njia nyingine. Kwenye otomatiki nyingi, mabomba mawili membamba hutoka gia boksi na kuingia kwenye tenki la rejeta, ambako kuna kipoza kidogo kilichozungukwa na kulanti. Kipoza hicho kikitoboka, vimiminika viwili vinachanganyika. Nissan Pathfinder, Xterra na Frontier za 2005 hadi 2010 zinajulikana sana Marekani kwa ubovu huu, na rejeta yoyote chakavu inaweza kufanya hivyo. Hatari kubwa iko upande wa gia boksi: sahani za klachi zake zina kitambaa kilichogundishwa kwa gundi, na maji yenye glaikoli huvimbisha kitambaa na kulegeza gundi. Gari likigunduliwa mapema na kuvutwa kwa brekidauni, kubadilisha rejeta na kumwaga oili ya gia boksi mara kadhaa mfululizo kunaweza kuliokoa. Likiendeshwa siku nyingi, mara nyingi gia boksi inafunguliwa.

Kuhakikisha, mwambie fundi rejeta aitoe rejeta, aijaze maji, azibe upande mmoja wa kipoza na aingize upepo kidogo upande wa pili. Mapovu ndani ya maji yanamaliza ubishi.

Hatua ya nne: tafuta gesi ya silinda

Hapa sasa tunafika kwenye gasketi ya hedi, au hedi yenyewe iliyopasuka. Kuna vipimo vinne, na ningevifuata kwa mpangilio huu kwa kuwa vinaanza na cha bure.

Asubuhi, injini ikiwa baridi, washa ukiwa umeshika bomba la juu la rejeta. Kwa kawaida presha huja polepole kadiri injini inavyopata moto. Bomba likiwa gumu ndani ya dakika ya kwanza, maji yakiwa bado baridi, kuna gesi inayosukuma.

Zima, acha injini ipoe kabisa, toa presha, jaza hadi shingoni, acha wazi, washa tena. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa iliyonaswa. Yakiendelea bila kukoma na kuongezeka unapokanyaga mafuta, ni dalili mbaya.

Cha tatu ni kimiminika cha bluu cha kupimia gesi. Kinawekwa kwenye kikombe maalumu juu ya shingo ya rejeta na kuvuta hewa ya juu ya kulanti. Kikikutana na hewa ya ukaa kinageuka njano kwenye injini ya petroli. Punguza kwanza maji ya shingoni, kwani kulanti ikinyonywa ndani inaharibu kipimo. Kwenye dizeli subiri zaidi na upandishe moto wa injini, kwa kuwa moshi wake una hewa nyingi na matokeo huchelewa.

Cha nne ni pampu ya presha. Soma namba iliyoandikwa kwenye kifuniko, mara nyingi 0.9 au 1.1 (karibu sawa na ba), pampu hadi hapo, usipite. Mshale ukikaa robo saa bila kushuka, mfumo umefunga. Ukishuka na hakuna tone nje, acha presha usiku kucha, asubuhi toa plagi zote, zima mfumo wa mafuta na moto, kisha zungusha injini. Silinda inayorusha maji imejitaja. Usizungushe plagi zikiwa mahali pake. Silinda iliyojaa maji haibanwi, na kinachopinda ni koni rodi, fimbo inayoshika pistoni. Plagi moja iliyo nyeupe na safi kuliko wenzake nayo ni ushahidi, kwa sababu mvuke unaiosha.

Kwa dizeli yenye moshi mweupe na kulanti inayopungua bila oili kuchafuka, kagua pia kipoza moshi wa EGR (mfumo unaorudisha sehemu ya moshi kwenye injini) kabla ya kulaumu hedi. Nacho kinapasuka na kupeleka maji moja kwa moja kwenye njia ya hewa.

Ukijua injini, unajua pa kuanzia. 1KZ-TE ya Prado na Hilux Surf, yenye hedi ya alumini juu ya bloku ya chuma, inajulikana kwa hedi kupasuka baada ya kuchemsha; kubadilisha gasketi bila kuipima hedi kwa presha kwenye karakana ya mashine ni kazi bure. 2AZ-FE ya lita 2.4, iliyomo kwenye Harrier, Alphard, Ipsum na RAV4, ina shida ya hesi (mikato ya skrubu) za bolti za hedi kung'oka kwenye bloku, hasa upande wa nyuma. Gasketi mpya haisaidii hapo mpaka hesi zitengenezwe upya kwa kuwekewa bushi za chuma.

Kipimo cha umeme na cha asidi

Weka multimita kwenye volti za DC. Waya mweusi kwenye hasi ya betri, mwekundu uchovye kwenye kulanti bila kugusa chuma. Mafundi wengi huhesabu kuwa chini ya volti 0.3 ni salama, na ikipita 0.5 dawa imekwisha au kuna umeme unaopita kwenye maji. Washa taa, feni na redio kimoja kimoja. Namba ikiruka unapowasha kitu fulani, waya wake wa ardhi ni mbovu na unakula rejeta yako. Karatasi za kupimia asidi zinasaidia pia: ikishuka chini ya 7, badilisha yote.

Ukiwa unanunua

Mwambie muuzaji gari lisiwashwe kabla hujafika. Gusa injini; ikiwa ya moto, rudi siku nyingine. Mtego mkubwa ni rejeta iliyosafishwa jana. Basi baada ya kuona kulanti nzuri, omba safari ya nusu saa yenye kilima, liache lipoe, ufungue tena na kitambaa cheupe. Maneno haya yanatosha kwa fundi unayekwenda naye: "Fundi, kabla hujaniambia habari ya hedi, naomba tupime presha na gesi kwanza, gharama nitalipa." Mafuta kidogo kwenye kulanti yanaweza pia kuwa masalia ya matengenezo ya zamani, au mtu alimimina oili kwenye kitenki kwa kukosea. Tofauti huonekana baada ya kusafisha: masalia hupungua, tundu huleta mapya.

Kusafisha na kujaza

Tengeneza tundu kwanza. Kusafisha mfumo wenye tundu ni kumwaga pesa.

Kwa kutu, suuza kwa maji safi mpaka yatoke meupe, hita ikiwa kwenye moto mkali ili maji yapite kote. Ukikuta mabomba ya hita yameunganishwa kwa njia ya mkato, suuza hita peke yake. Usimimine maji baridi kwenye injini ya moto, hedi inapasuka. Kwa oili tumia dawa iliyotengenezwa kusafisha mfumo wa kupoza, rudia, kisha suuza tena na tena. Petroli na mafuta ya taa yasikaribie kabisa: yanaharibu mipira na yanaweza kuwaka. Sabuni ya vyombo inatoa povu linalozuia wota pampu kusukuma. Badilisha mabomba yaliyovimba, thamostati na kifuniko.

Wakati wa kujaza kuna jambo linalosahaulika. Ukimwaga rejeta, maji ya suuza hubaki kwenye bloku na hita. Ukijaza kulanti iliyochanganywa tayari juu yake, inakuwa nyepesi. Kama gari linabeba lita 6, nunua kulanti nzito isiyochanganywa, mimina lita 3 kwanza, kisha malizia kwa maji yaliyochujwa chumvi, yale ya betri yasiyo na asidi. Inua pua ya gari, hita iwe wazi, acha injini ifanye kazi mpaka feni iwake na kuzima mara mbili, ukiongezea kadiri hewa inavyotoka.

Baada ya kilomita 500, fungua injini ikiwa baridi na upitishe kitambaa shingoni. Utando mwembamba wa mafuta baada ya kusafisha oili ni wa kawaida na utapungua kwa kusuuza mara moja zaidi. Ukiwa mzito kuliko ulivyokuwa ulipomaliza kusafisha, usisuuze tena. Rudi kwenye pampu ya presha.